Paka Ni Wako, Kuku Si Wako: Mwongozo wa Kufuga Paka na Bado Kusalimiana na Jirani

Mitaani kwetu kuna swali ambalo halijibiwi kwa ukweli: "Huyu paka wa nani?" Paka akipita na panya mdomoni, wenyewe hujitokeza watatu, na kila mmoja anaeleza alivyomlea tangu hajafungua macho. Akipita na kibua mdomoni, hana mwenyewe. Alikuja tu. Ni paka wa mtaa. Basi tuanzie hapo: kama paka anakula kwako, analala kwako, au wanao wamempa jina, huyo ni wako, na atakayoyafanya nje ya mlango wako yatarudi kwako. Likubali jambo hili mapema, ukiwa peke yako na hakuna anayekusikia. Usipolikubali, utakuja kukubalishwa mbele ya mjumbe, na kuku atakuwa ameshaliwa.

Wahenga walilijua hili. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapwa London mwaka 1870, paka wa sultani anakamata ndama. Watu wanakwenda kushitaki. Sultani anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi kesi hakuna. Paka anaongeza mawindo, watu wanarudi kushitaki, jibu ni lile lile. Anakula wanyama, anakula watu, mpaka anakula wana wa sultani mwenyewe, anaingia porini na kuwa nunda, na inabidi mwana mdogo wa sultani aende kumsaka. Watoto husimuliwa kisa hiki ili waogope nunda. Mimi naona wa kuogopwa ni yule baba aliyeketi barazani akiletewa malalamiko na kuyarudisha yalikotoka. Angalau Majinuni alikuwa na hoja: ndama alikuwa wake kweli. Wewe wa nyumba ya kupanga hoja hiyo huna. Paka ni wako, kuku ni wa mama wa nyumba ya pili.

Kwa hiyo liwahi lalamiko la kwanza. Hilo huja na tabasamu: "Jirani, huyo paka wenu jana kaingia jikoni kwangu." Wengi hucheka, wakasema "Huyo mtundu sana huyo," wakaendelea kufua. Ugomvi hupandwa papo hapo. Jirani hakuja kupiga soga. Amelala na jambo hilo, ameshamwambia mumewe, na amechagua maneno. Acha unachofanya, futa mikono, muulize paka kala nini, kavunja nini, kaingilia wapi. Ukiambiwa kaingilia dirishani ambapo wavu umechanika, nunua kipande cha wavu, nenda na sindano na uzi wa nailoni, ukamshonee. Ni kazi ya muda mfupi na gharama yake ni ndogo, na jirani akitazama dirisha lile atakuwa anakutazama wewe.

Likitokea la kifaranga, usingoje kuitwa. Nenda mwenyewe, baada ya alasiri, jua limepoa na watu wameshakula, maana mwenye njaa hasamehi kuku. Usitume mtoto. Usiende na paka mkononi, hata kama ungependa aonekane alivyo mpole. Piga hodi, subiri ukaribishwe, amkia inavyostahili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Starehe mama. Nimekuja kwa habari ya kifaranga. Paka ni wangu, nami nimekuja kulipa."

Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Mama ataeleza kwamba yule mtetea alitotoa kumi na wawili, kwamba wanne walichukuliwa na kunguru, kwamba huyu aliyeliwa ndiye aliyekuwa na manyoya ya madoadoa na ndiye aliyependwa na mjukuu. Msikilize mpaka amalize. Yapo maneno ya kuyaacha nyumbani kwako kabisa: "Ni mnyama tu, hana akili." Ndiyo, na ndiyo maana unaulizwa wewe mwenye akili. "Ungefunga banda lako." Huenda ni kweli, lakini hiyo ni zamu ya mazungumzo ya wiki ijayo. Baya kuliko yote ni hili: "Mbona mbuzi wenu alikula mchicha wangu mwaka juzi?" Ukilitamka hilo, utakuwa umefungua daftari, na daftari la majirani waliokaa pamoja miaka mingi halina ukurasa wa mwisho.

Fidia nayo ina mtego wake. Jirani atamhesabu kifaranga kama mtetea aliyekomaa, pamoja na mayai yake, pamoja na vifaranga wa mayai hayo. Usimcheke, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amepanga. Kuku wa kienyeji uani ni akiba: ni daftari za shule, ni nauli ya kwenda kumwona mgonjwa, ni kitoweo cha mgeni aliyefika bila taarifa. Mpelekee kifaranga hai wa umri ule ule au aliyemzidi kidogo. Ukishindwa kumpata, toa pesa, na umuulize yeye anaona ni kiasi gani kabla hujataja chako. Nimeona watu wakitaja kidogo kuliko nilivyodhani, kwa sababu tu wameulizwa.

Hata hivyo paka asibebeshwe kesi zisizo zake, na mwenye paka ana haki ya kumtetea kwa ushahidi. Uani kuna wezi wengi. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka, kisha wakaenea pwani nzima, huchukua vifaranga mchana kweupe, tena kwa kushirikiana: mmoja anamchokoza mama mtu, mwenzake anabeba. Mwewe anashuka mara moja na kuondoka. Nguchiro na kicheche wakipata upenyo wa kuingia bandani wanaweza kuua wengi kwa mkupuo na kuiacha mizoga pale pale. Paka kwa kawaida huchukua mmoja, akaondoka naye mpaka uvunguni au darini, akamla faraghani. Mkikuta vifaranga saba wamelala bandani alfajiri, wote wafu na wengi hawajaguswa nyama, tafuteni tundu la banda kwanza, wewe na jirani pamoja, kabla hamjamtafuta paka.

Utetezi ambao sitaki kuusikia tena ni ule wa "wangu anashiba, hawezi kula kuku wa mtu." Anaweza. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mwindaji wa peke yake, na maelfu ya miaka ya kukaa nasi hayajamvua tabia hiyo. Kwake kuwinda na kusikia njaa ni mambo mawili. Kitu kidogo kikikimbia mbele yake atakifuata, hata kama sahani yake bado ina dagaa. Faida ya kumshibisha ni nyingine: haendi kuomba wala kupekua majikoni mwa watu. Mlishe kwa saa zake, asubuhi na magharibi, ndani kwako, uondoe sahani akishamaliza ili usiwaalike na paka wa mitaa mitatu. Maziwa ya ng'ombe si lazima. Huwaharisha paka wengi wakubwa, na ukimharisha wako atakwenda kumalizia kwa jirani.

Ukisikia kuku wa jirani ametotoa, wiki zile za kwanza mweke paka ndani mchana kadiri unavyoweza, au mvalishe mkanda wenye kengele. Mkanda uwe wa kunyumbuka, wa lastiki, ili akinasa kwenye msumari wa bati aweze kujichomoa. Kengele haimzuii kuwinda, ila inampa mama kuku nafasi ya kupiga kelele, na kuku mwenye vifaranga akishapiga kelele ni paka wachache wanaobaki kusikiliza.

Sasa tuje kwenye mchanga, ambao unavunja ujirani kuliko kuku, ingawa watu wanaona haya kuutaja. Mitaa yetu inajengwa kila siku. Mtu anashusha lori la mchanga mbele ya nyumba, pesa inakata, na lundo linakaa pale mpaka mafundi watakaporudi. Kwa watoto lile ni uwanja wa mchezo: wanachimba mahandaki, wanapika keki za udongo, wanapekua bila viatu. Kwa paka ni choo bora kuliko vyote alivyowahi kuona. Mchanga laini, unachimbika, unafukika. Anachagua kona, anafukua kwa mguu wa mbele, anajisaidia, anageuka kunusa, anafunika kwa uangalifu ambao binadamu wengi hawana, kisha anaondoka. Kesho yake mtoto wa jirani anaingiza mkono pale pale.

Hili si suala la harufu tu. Kinyesi cha paka na mbwa huweza kuwa na minyoo ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu na kuchora mistari ya kujipinda, inayowasha vibaya. Kinaweza pia kubeba vijidudu vya toksoplazma, ambavyo ni hatari kwa mimba. Lakini hivyo vijidudu vinahitaji siku moja hadi tano nje ndipo viweze kuambukiza, na hapo ndipo wajibu wako ulipo: kinyesi kinachozolewa kila siku hakipati nafasi hiyo. Mtengenezee paka choo chake uani kwako. Chukua karai kuukuu au beseni lililopasuka ukingo, tia mchanga mkavu wa kina cha vidole vinne, uliweke kwenye kona tulivu mbali na jiko na njia ya watu. Siku za mwanzo, chota kidogo cha kinyesi chake cha jana ukichanganye humo ili aelewe mahali ni hapa. Zoa kila asubuhi kwa kijiko cha zamani kisichorudi jikoni tena, ufukie kwa kina au utie kwenye mfuko wa taka. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo. Afanye baba. Mwenye lundo naye alifunike kwa turubai na kulikandamiza kwa matofali, na kama hana turubai, mwazime lako. Nimeona viroba vya saruji vilivyoshonwa pamoja vikifanya kazi hiyo hiyo vizuri tu.

Hapa nimeanza kumwingiza jirani, na sitamwonea haya. Samaki aliyeachwa kwenye sinia wazi, mlango wa jiko ukiwa wazi na mpishi akiwa barazani, hana wa kumlinda. Kawa zilisukwa kwa kazi hii, na jiwe dogo juu yake ni lazima, kwa sababu paka aliyezoea huifunua kawa kwa pua. Dagaa wa kuanika wapande juu ya chanja, wafunikwe wavu wa kuvulia uliochakaa. Vifaranga wakae chini ya tenga mpaka wapate miguu ya kukimbia. Haya yote jirani anayajua, bibi yake aliyafanya. Ila atayafanya kwa moyo mweupe kama wewe umeshatangulia kufanya yako.

Waislamu mitaani kwetu wana namna ya kugombana kwa hadithi za Mtume. Mwenye paka humkumbusha mwenziwe kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Mwenye kuku humkumbusha huyu jinsi Jibrili alivyousia sana habari ya jirani, hata Mtume akadhani jirani atapewa urithi. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja amebeba ya mwenzake. Ningeomba wabadilishane: mwenye paka ashike ya jirani, mwenye kuku ashike ya paka.

Usiku una kesi zake. Paka dume wakipigana juu ya bati saa nane, na jike akiwa kwenye joto akilia kwa sauti ya mtoto mchanga, mtaa mzima huamka, na kila mtu anajua ni wa kwako. Ndala na ndoo za maji hazitibu hali hiyo. Inatibika kwa daktari wa mifugo. Dume akihasiwa hupunguza kuzurura, kupigana na kurusha ule mkojo wenye harufu kali kwenye milango ya watu. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita tu, anaibeba kwa siku 63 hadi 65, na kwa kawaida anazaa watatu hadi watano. Kabla mwaka haujageuka mabinti zake nao wanazaa. Ukiahirisha kumfunga kizazi, baada ya muda hutakuwa na paka, utakuwa na ukoo, na ukoo huo utalishwa na majirani wasioulizwa. Kama gharama ni kubwa, wenye paka watatu wanne wa mtaa mmoja wamwite bwana mifugo kwa pamoja na kuafikiana bei. Siku hiyo hiyo paka wachanjwe kichaa cha mbwa, ambacho paka naye hukipata na kukiambukiza. Chanjo huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Halmashauri mbalimbali hufanya kampeni za chanjo karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo tega sikio gari la matangazo likipita.

Paka wako akimng'ata au kumparura mtoto wa mtu, mambo ya kuku yawekwe kando. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku ile ile, nawe uende naye na nauli iwe yako. Paka asiuawe wala asifukuzwe. Mfungie siku 10, umlishe na kumwangalia bila kumshikashika. Akibaki mzima, hakuwa na kichaa cha kuambukiza siku aliyong'ata. Akibadilika tabia au akifa, mwite bwana mifugo mara moja. Ila mtoto asicheleweshwe chanjo kwa kungoja siku hizo ziishe.

Kuna jambo ambalo linanitia uchungu kila ninaposikia majirani wakilizungumza kwa kunong'ona. Paka mweusi amelia juu ya paa la mtu, mtoto akaugua homa usiku ule, na asubuhi macho yote yanaelekea kwa bibi anayeishi peke yake na paka wake. Nchi hii imezika wanawake wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kuwa na macho mekundu, na macho yale yalikuwa yameharibiwa na moshi wa kuni. Kama wewe ni jirani wa bibi wa namna hiyo, wajibu wako ni kusema kwa sauti, pale kisimani au kwenye foleni ya maji, kwamba paka analia kwa sababu yuko kwenye joto na mtoto ana homa kwa sababu ya mbu, na kwamba apelekwe kupimwa malaria. Kisha msaidie bibi kumfikisha paka kwa daktari. Usikae kimya ukidhani wengine watasema.

Sumu ya panya kwenye kichwa cha samaki ni ukatili, na Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili wa namna hiyo. Tena sumu haichagui. Kile kichwa cha samaki kitaokotwa na kuku wa huyo huyo aliyekitega, au na mtoto anayetambaa. Kumtia paka kwenye kiroba na kumtupa sokoni nako hakusaidii mtaa. Mabaki ya chakula na panya yakibaki pale pale, paka mwingine atahamia, naye hatakuwa na mwenyewe wa kugongewa mlango.

Mkishindwa kuelewana, liende kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, kwa sheha. Nenda ukiwa na orodha fupi ya uliyokwisha kufanya: wavu ulioshonwa, kifaranga aliyelipwa, kadi ya chanjo. Mzee wa mtaa akiona kadi ya chanjo ya paka huwa anakaa vizuri kwenye kiti.

Imebaki siku ya kuhama. Magodoro yamepakiwa, kabati limefungwa kamba, watoto wamekaa juu ya mizigo, na paka hayupo, amekwenda matembezini. Mwenye nyumba mpya anasubiri, dereva anapiga honi, na mtu anasema, "Mwache, majirani watamlisha." Hawatamlisha, na wala si haki kuwaachia. Mfungie chumbani tangu usiku wa kuamkia safari. Asubuhi mtie kwenye tenga au boksi lenye matundu, lililofungwa kamba, apande gari la mwisho pamoja nawe. Mkifika, akae ndani wiki mbili tatu mpaka ajue kwamba kwao ni hapo, la sivyo atafunga safari ya kurudi alikotoka, na kama ni mbali, hatafika. Zile wiki zikiwa bado hazijaisha, zunguka nyumba nne tano za jirani zako wapya, piga hodi, jitambulishe, na uwaambie una paka, rangi yake ni hii, na akiingia jikoni mwao wakugongee mlango saa yoyote.